Kichwa cha Gia kwa Mkono wa Kushoto

Mwanakwerekwe, Unguja
8 Februari 2025

Kwa wifi yangu Asma,

Assalamu alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute umekula. Nasema hivyo kwa sababu najua huli, mama keshanisemea. Nakuandikia kwa kalamu kama ulivyotaka. Simu yako umempa mama, eti sauti yangu ni ya Yussuf mtupu na bado huwezi kuisikia. Sikukasirika. Ila hati yangu imeharibika tangu skuli, basi utanivumilia.

Katika kifurushi hiki, alichokuletea Soud wa melini, mna kichwa cha gia. Kile cha mwanzo marehemu kaka yangu alikivunja siku yake ya mwisho, alipojiendesha mwenyewe mpaka hospitali na moyo unamuuma, wewe umekaa ubavuni. Kila nikikaa na watu hapa mjini nawahadithia: Yussuf aliendesha kutoka Wingwi mpaka Wete, akaishika gia mpaka ikamvunjikia mkononi. Wanaume wazima hunyamaza. Nasikia na mama ndiyo hadithi anayowapa wageni wote.

Sasa gari yenyewe. Viti viwili, tumbo linalima barabara, na hapo nyumbani hapana anayeendesha. Ni ya mirathi, yako, yangu na ya mama, na mama kasema tufanye tuonavyo. Nimempata mnunuzi, kijana anaitwa Vuai, anapeleka watalii Nungwi. Atakuja kuitazama ukishatoka eda. Lakini fimbo tupu ya gia yenye meno ya skrubu haimvutii mtu. Wewe ndiye unayekaa na gari, chagua wewe kitakachofaa.

Wifi yako,
Kauthar Othman


Wingwi, Pemba
16 Februari 2025

Wifi Kauthar,

Waalaykum salaam. Nimekula. Mama alinikalia mbele mpaka sahani ikaisha, kisha akanipa barua yako kama mtoto aliyemaliza dawa.

Tufe lako la chuma ni zuri, linang'aa mpaka unajiona pua. Lakini banda la gari ni la bati, na ikifika adhuhuri tufe linaunguza, halishikiki. Tena ni kubwa. Nalirejesha kwa Soud.

Usicheke nikikwambia nalijuaje joto lake. Banda limo ndani ya ua wetu, na mama hana tatizo nikikaa humo, maadamu sitoki nje ya uzio. Baada ya alasiri nafungua mlango, naingia, naufunga. Harufu ya Yussuf bado imo kwenye viti. Nafumba macho na gari inakwenda. Jana ilinipeleka mpaka Konde. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi pembezoni mwa njia na majamvi yakajisogeza yenyewe kunipisha. Watu wote walikuwa wamelala barazani, hata mbuzi. Sikusikia injini, nilisikia upepo tu. Nikarudi kabla ya Magharibi, na miguu yangu ilikuwa na vumbi, wallahi, ijapokuwa vumbi lenyewe ni la bandani.

Kuhusu kuuzwa, nitasema ukweli nusu. Roho yangu haitaki gari iondoke. Lakini sina sababu ya kuisema mbele ya watu, na haki yako ni haki yako. Basi tutafute kichwa. Mwambie Vuai asiharakishe.

Wako,
Asma Seif


Mwanakwerekwe
25 Februari 2025

Wifi yangu,

Unanitia wasiwasi. Mtu anayefika Konde akiwa amefumba macho anahitaji kulala, au kuongezewa samaki. Nimemwambia mama akupikie changu kwa nazi.

Roho yako kutoitaka iondoke, naielewa. Hata mimi nikiiona picha yake nalia. Lakini gari ikikaa bila mtu wa kuiendesha inaoza, mipira inachanika, panya wanaingia kwenye nyaya. Yussuf asingependa. Afadhali ikimbie Nungwi na watalii kuliko kufia bandani.

Nimepita maduka yote ya vipuri. Nakutumia vitatu kwa pamoja ili tusisumbuane. Kimoja cha ngozi nyeusi yenye mshono mwekundu. Kimoja cha kioo, kina ua ndani, sijui walilitiaje. Cha tatu ni fuvu la kichwa lenye macho yanayowaka. Muuzaji alinambia vijana wa sasa ndilo wanalolipigania, na Vuai ni kijana. Mimi lilinitisha, nikalifunga peke yake.

Ramadhani inaingia. Nisamehe nilipokukosea.

Kauthar


Wingwi
9 Machi 2025

Wifi Kauthar,

Ramadhani karim. Nimekusamehe yote isipokuwa fuvu.

Mama ndiye aliyekifungua kifurushi, tena saa ya kufuturu, uji umeshatiwa kwenye vikombe. Alilishika, likawaka macho. Hakupiga kelele. Aliliweka chini taratibu, akanawa mikono, akasema, "Hichi kitu hakilali ndani mwangu. Malaika wa Ramadhani wako njiani waja, weye wawafungulia nlango na hichi?" Alilitoa nje yeye mwenyewe kwa koleo la mkaa. Sasa liko juu ya paa la banda la kuku, na naambiwa kunguru hawaji tena.

Cha ngozi ni kama ulimi wa ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa. Ukitoka jasho kinateleza. Gia ikiteleza kwenye mlima wa Wingwi, gari inarudi nyuma na wewe ndani.

Cha kioo nilikipenda. Nilikitazama mpaka muhogo wa futari ukashika chini. Siku ile bandani niliingia ndani ya lile ua la kioo. Gari ilishuka pwani na haikusimama. Unajua Kojani hakufiki gari, watu huvuka kwa mashua. Mimi nilivuka nayo. Maji yalikuja mpaka kwenye vitasa vya milango, ya kijani, matulivu, samaki wakipita mbele ya taa. Watoto wa Kojani walitoka wakaigusa gari kwa viganja vyao. Yussuf alikuwa pamoja nami. Alitabasamu tu kama anavyotabasamu mtu anayepelekwa.

Lakini mkononi kioo hakina upendo. Ni kitu cha kutazama. Wifi, sina nia ya kukuchosha. Hapana cha mti? Kitu kilichochongwa na mtu, chenye mahali pa kidole kulala.

Asma


Mwanakwerekwe
18 Machi 2025

Wifi yangu,

Mwanamke aliyemzika mume wake juzi anachagua kichwa cha gia kuliko nilivyochagua mimi kanga za harusi. Sawa. Labda inakusaidia kupitisha siku, na mimi nikikusaidia kuzipitisha sitajuta.

Nimempata Fundi Bakari, anayekereza miguu ya vitanda. Mtu mzima, mpole, anazungumza na mbao. Ana kipande cha mfenesi rangi ya asali. Anasema atachonga, lakini anataka mkono. Kanda unga wa ngano na chumvi nyingi, fanya donge la ukubwa wa chungwa, mtu alishike kama anavyoshika gia, kisha likaushwe juani. Yeye atafuata mashimo ya vidole.

Mkono wa Vuai siupati, yuko na watalii kutwa. Mwambie Soud akushikie donge. Wana kimo kimoja.

Kauthar


Wingwi
4 Aprili 2025

Wifi Kauthar,

Idi mubarak. Sikuvaa kipya wala sikujifukiza, lakini nilisikia harufu ya udi kutoka nyumba za jirani na nikafurahi kwa ajili yao.

Donge limo humu ndani ya bati la maziwa. Si mkono wa Soud. Yeye alileta mzigo akaondoka mbio kuwahi meli. Ni mkono wa mtu wa hapa nyumbani. Usiniulize sana, mpe fundi.

Asma


Mwanakwerekwe
21 Aprili 2025

Wifi yangu,

Hiki hapa, tayari. Nimekaa nacho usiku mmoja chini ya mto, si kwa lolote, kinanukia vizuri tu.

Fundi Bakari aliuliza kama mwenye mkono ni kijana wa skuli, maana ni mdogo. Nikamwambia labda ni mtoto wa jirani, nyumba ya mama haikosi watoto. Vuai ana mikono kama makasia, lakini namjua, atakipenda tu kwa kuwa ni cha mti. Kafunga safari, atavuka mwisho wa Mei. Sasa niambie kimefaa nipumzike.

Kauthar


Wingwi
29 Aprili 2025

Wifi Kauthar,

Hakikufaa, na kosa ni letu sote watatu, tena ni kosa la adabu.

Nilikifunga kwenye fimbo, nikakaa, nikaweka mkono. Shimo la kidole gumba likaenda kwa kidole cha mwisho. Nikageuza kiganja hivi na hivi kama mtu anayetafuta kitasa gizani. Kisha nikafahamu, nikacheka peke yangu bandani mpaka mama akaja kuchungulia. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu Januari.

Donge lile nililishika kwa mkono wa kulia. Nilikuwa namtumia kitu mtu mzima nisiyemjua, ningempaje kushoto? Tangu nilipoanza kutambaa nimepigwa vidole kwa kupokea na kutoa kwa kushoto. Na fundi naye kapokea mkono wa kulia, kauona ni wa heshima, kachonga. Na wewe hukuona kitu. Usukani uko kulia, Kauthar. Gia inashikwa na kushoto. Tumemtengenezea mtu kifaa cha kulia pilau.

Nimekanda donge jingine. Nimelifunga kwenye kitambaa safi, na umwombe radhi Fundi Bakari kwa niaba yangu, umwambie mkono wenyewe umetawadha.

Mvua za masika zinanyesha juu ya bati na gari inakwenda ndani ya mvua, taratibu, haifiki mahali. Sitaki ifike.

Asma


Mwanakwerekwe
6 Mei 2025

Asma,

Kitambaa nilikifungua mwenyewe kabla ya kumpelekea fundi.

Kidole cha mwisho kimepinda kwa ndani. Hicho kidole nakijua. Nilikipaka hina siku ya harusi yako, nikalalamika kwamba hakinyooki na kinaniharibia maua. Ni mkono wako. Barua yako ilishanambia, nami nikaisoma kama umemshikia Vuai tu.

Nimezisoma tena barua zako zote. Mtu asiyeendesha hajui kama ngozi itateleza kwenye mlima wa Wingwi. Hajui kidole gumba cha kushoto kinalala wapi. Mimi nilidhani unamchagulia Vuai, na wewe unajichagulia mwenyewe.

Nakuuliza jambo moja, na unijibu mimi, usiijibu kalamu. Siku ile nani alishika usukani?

Kauthar


Wingwi
11 Mei 2025

Wifi yangu Kauthar,

Ni mimi.

Yussuf alinifunza mwaka mzima, baada ya Alfajiri, kwenye kiwanja cha mpira, watu hawajatoka. Leseni ninayo. Tulikwenda kuichukua Chake tukawaambia watu tumekwenda kwa shangazi Pujini. Alitaka iwe siri mpaka Idi, siku hiyo nimtie mama garini nimpeleke matembezi na yeye abaki mlangoni anapunga mkono. Ndivyo alivyokuwa akiiota.

Asubuhi ile alikunywa chai nusu kikombe akasema kifua kinambana. Tulitoka pamoja, mama yuko shamba. Yussuf alifungua mlango wa kulia, akasimama kidogo, akaufunga. Akazunguka mbele ya gari ameegemea boneti, akanipa ufunguo. Alinambia, "Leo weye."

Niliendesha. Kila shimo la njia ile nililijua, na nilimpitisha kando ya kila moja. Aliegemeza kichwa dirishani. Mara moja moja alinikumbusha, tia ya tatu, sasa iachie. Kisha akaacha kunikumbusha, akaweka mkono wake juu ya wangu kwenye gia. Hakuvuta wala hakusukuma, aliuweka tu. Midomo yake ilikuwa ikisema La ilaha illallah, nilimsikia vizuri. Tulipopita Konde mkono ule ukawa mzito. Sikuuondoa. Nilibadilisha gia na mikono yetu miwili mpaka Wete, na pale getini, niliposimama ghafla, kichwa cha gia kikapasuka ndani ya kiganja changu.

Walimchukua kwa machela, nikawakimbilia. Mtu mmoja wa kwetu aliyekuja kutazama mgonjwa aliiona gari getini, akaona gia imevunjika, akapiga simu Wingwi: Yussuf kajileta mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza, nani angeuliza? Nilipofika nyumbani na maiti, hadithi ilikuwa imeshafika. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, akanihadithia mimi jinsi mwanawe alivyokuwa shujaa. Ningesema nini, Kauthar? Hakubakiwa na kitu kingine.

Basi nikanyamaza, na kila siku iliyopita kusema kukawa kugumu zaidi. Na gari ile ikiuzwa, mkono wake unauzwa nayo. Ndiyo sababu niliyokuwa siwezi kuisema mbele ya watu.

Asma


Mwanakwerekwe
17 Mei 2025

Asma,

Niliisoma jikoni, nikakaa chini hapohapo. Mume wangu kaja kaniuliza nani tena kafariki.

Nilikukasirikia siku mbili, nakwambia kweli. Nimewahadithia watu wangapi? Nimesimama harusini kwa watu nikalisema jina la kaka yangu kama la simba. Na wewe unasoma barua zangu hukunizuia. Kisha siku ya tatu nikamfikiria akizunguka mbele ya gari, ameegemea boneti, nikalia kwa namna ambayo sijalia tangu afe.

Lakini mama usimwambie. Nakuomba. Ana miaka yake, ana presha yake, na anaishi kwa hadithi ile. Mwache nayo. Mimi na wewe tutaibeba hii nyingine.

Kuhusu gari sijui niseme nini. Vuai keshakata tiketi.

Kauthar


Wingwi
22 Mei 2025

Wifi yangu,

Barua yako imechelewa. Nilikuwa nimeshamwambia.

Nimetoka eda. Mama alinipikia maji ya majani, nikaoga, nikavaa nguo ya rangi, akanitia manukato kwa mkono wake. Alikuwa ananitazama kwa huruma nyingi mno, nikaona siwezi kuvaa nguo safi juu ya uongo. Nikamketisha ukumbini nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia wewe. Nilikuwa tayari anifukuze.

Akauliza, sauti chini, "Basi njia nzima alikuwa kaketi?"

Nikasema, "Alikuwa kaketi, mama. Kaegemeza kichwa."

"Na nkono wake?"

"Juu ya wangu."

Hapo akalia, Kauthar. Mama ambaye hakulia mbele ya mtu hata siku ya mazishi. Akanambia kwamba kila akilala anamwona mwanawe anapambana na mashimo ya njia ile, kifua kinauma, usukani unamshinda, na hapana mtu wa kumpokea. Hadithi aliyokuwa akiwapa wageni, alikuwa akiitoa kwa sababu ndiyo aliyopewa, na kila akiitoa inamchoma. Alisema, "Mie nikidhani ntoto wangu kafa kazini. Kumbe kachukuliwa." Alilirudia neno hilo mara nyingi, kachukuliwa, mpaka likawa kama uradi. Jana usiku alilala mpaka adhana, jambo ambalo sijaliona mwaka huu.

Wewe ulitaka nimwachie simba wake, na mimi nilitaka hivyo hivyo. Hatukumuuliza mama kama anamtaka.

Haki yake katika gari kaniachia mimi, kaitamka kwa mdomo wake mbele ya majirani wawili. Yako iko palepale. Vuai akija nitamfungulia banda, nitampa maji ya kunywa, na ukisema iuzwe sitakulaumu hata moyoni. Nilichokuwa nikikiogopa kimeshapita.

Asma


Mwanakwerekwe
27 Mei 2025

Kwa wifi yangu Asma,

Assalamu alaykum.

Vuai nimemwambia gari haiuzwi. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia ina dereva. Alinuna kidogo, lakini Nungwi hakukosi magari.

Watu wangu wa hapa nao nimewaambia. Nilianza kwa jirani, Bi Zulekha, aliyekuwa akiipenda hadithi ile kuliko wote. Nilidhani atasikitika. Aliuliza jina lako mara mbili ili alishike vizuri.

Fundi Bakari kamaliza. Radhi zako kazipokea. Kasema katika maisha yake yote ni mara ya kwanza kuchongea mkono wa kushoto, na kwamba ndio uliomfundisha kazi. Sikitumi kwa Soud. Nakileta mwenyewe.

Nitashuka Mkoani Jumamosi asubuhi. Sitaki taksi, na nikimwona Soud ananiitia gari ya mtu nitamrudisha. Nitakaa juu ya begi langu hapo bandarini mpaka uje. Ni mbali kutoka Wingwi, najua, kisiwa kizima, lakini umeshakwenda mbali zaidi ukiwa umefumba macho, basi safari hii yafumbue. Haki yangu katika gari ile nitaichukua hivyo: nimekaa kiti cha kushoto, napelekwa.

Tukifika Wete tusiingie nyumbani kwa mtu yeyote. Tutoke moja kwa moja kwa njia ile mliyokwenda naye. Tukikaribia Konde usinionyeshe mahali, nitapajua. Nitaweka mkono wangu juu ya wako. Usiseme kitu, wifi yangu, wala usipunguze mwendo. Badilisha gia tu, twende.

Kauthar